Mabaki ya mkonge yana nishati, lakini si petroli ya bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mazungumzo yanayoendelea hapa Tanga kuhusu kugeuza mabaki ya mkonge kuwa mafuta ya kuendeshea magari. Hoja yenyewe ni tamu masikioni: mkoa umejaa mkonge, mkonge unaacha uchafu mwingi kuliko singa, yaani nyuzi zake, uchafu huo hauna mwenyewe, basi kijengwe mjini kiwanda cha ethanoli, ile pombe inayoweza kuendesha injini, tupunguze kuagiza petroli na wakati huohuo tuchangie kupunguza joto la dunia. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mabaki yale yana nishati ya maana, na ndiyo sababu sipendi kuyaona yakiingizwa katika mradi ambao hesabu yake haijakamilika. Rai yangu ni kwamba nishati hiyo ivunwe ikiwa gesi, itumike palepale korona, yaani kwenye kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, na faida yake kwa tabianchi ipimwe kule shimoni uchafu unakotupwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia korona, nieleze kidogo. Majani ya mkonge hupangwa kwenye mkanda, hupita katikati ya magurudumu yenye mabapa yanayoponda na kukwangua nyama yote ya jani, huku maji mengi yakimwagwa ili singa zitoke safi. Singa hutokea upande wa pili na kupelekwa kuanikwa kwenye kamba za waya. Upande wa chini, kupitia mfereji, hutoka tope la kijani linalowasha ngozi na kunuka uchachu kabla jua halijazama. Singa kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Maana yake ni kwamba kila tani moja ya singa inayofungwa robota huacha nyuma yake kama tani 24 za tope hilo, bila kuhesabu maji ya kuoshea. Tanganyika ilipozalisha takriban tani 230,000 za singa mwaka 1964, hakuna aliyejali uchafu ulikwenda wapi. Ulikwenda mtoni na mabondeni. Leo uzalishaji haufikii hata theluthi ya kiwango kile, lakini juhudi za kuufufua zinaendelea kupitia mashamba makubwa na wakulima wadogo, na kila tani inayoongezeka huja na tani zake 24.

Hapo ndipo wenye hoja ya ethanoli wanapoanzia, na mimi pia. Tunaachana njiani kwa sababu ya maji. Tope lile ni maji kwa karibu asilimia 88. Tuchukue lori linalobeba tani 10 kutoka Hale hadi Tanga mjini, mwendo wa takriban kilomita 60. Ndani ya lori hilo kuna tani 1.2 tu za kitu kikavu kinachoweza kugeuzwa kuwa chochote. Kwa teknolojia nzuri, tani moja kavu ya mabaki ya mimea hutoa kama lita 250 za ethanoli, kwa hiyo mzigo wote utatoa lita 300. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, hivyo lita zetu 300 ni sawa na lita 200 za petroli. Lori lenyewe, kwenda limejaa na kurudi tupu, litakunywa kama lita 40 za dizeli. Zaidi ya moja ya tano ya nishati iliyotarajiwa imeishia barabarani kabla kiwanda hakijawasha taa. Atakayejibu kwamba tope litakamuliwa au kuanikwa kwanza aeleze maji yaliyokamuliwa, ambayo ndiyo yenye sukari nyingi, yatakwenda wapi, na ni uwanja gani utakaotosha kuanika mamia ya tani kila siku wakati wa masika.

Gharama kubwa zaidi imo ndani ya kiwanda. Sukari ya muwa ikichachuka hutoa pombe bila tabu, lakini nyuzinyuzi za mimea zimefungwa kwa namna nyingine: selulosi imefumbatwa na lignini, ile gundi inayoufanya mti kuwa mgumu, na lazima ivunjwe kwa mvuke wa moto mkali au tindikali, kisha iwekewe vimeng'enya vya kununua ili igeuke sukari, ndipo hamira ifanye kazi yake. Pombe inayopatikana mwishoni ni nyepesi, mara nyingi chini ya asilimia 5 au 6, na kuitenga na maji yote yale kunahitaji moto. Hata mpika gongo, ambaye sisemi ninamfahamu, anajua kwamba pipa la maji mengi na pombe kidogo humaliza kuni. Kama moto huo utatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta mazito au miti ya misitu yetu, basi hewa ukaa iliyodaiwa kuokolewa kwenye gari itakuwa imeshatolewa kwenye bomba la kiwanda.

Haya hayakugunduliwa Tanga. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 ikilenga galoni bilioni 16 kwa mwaka za mafuta ya selulosi ifikapo 2022. Viwanda vikubwa vilijengwa. Abengoa ya Hispania ilifungua kiwanda Hugoton, Kansas, mwaka 2014, na kufikia 2016 kampuni ilikuwa katika mufilisi. DuPont ilifungua kiwanda katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa, mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa galoni milioni 30 kwa mwaka, na mwaka 2017 ikatangaza kujitoa. Kule Italia, kiwanda cha Crescentino kilichoanza 2013 kilifungwa 2017 na kufufuliwa baadaye chini ya mmiliki mwingine. Romania, kiwanda cha Clariant kilichokamilika 2021 kilifungwa mwishoni mwa 2023. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa na mitaji, wahandisi, barabara nzuri na ruzuku ya serikali, na malighafi yao ilikuwa mabua makavu, wala si tope. Walisumbuliwa na mambo ambayo mtu wa korona angewatabiria: mchanga ulioingia na mabua ukala mashine, malighafi iliyobadilika kila msimu, mabomba yaliyoziba.

Kinachonivutia zaidi ni namna lengo lile la Marekani lilivyoishia. Badala ya galoni bilioni 16, kiwango kilichowekwa kwa mwaka 2022 kilishushwa hadi galoni milioni 630, na sehemu kubwa ya kilichohesabiwa humo haikuwa ethanoli hata kidogo. Ilikuwa gesi iliyovunwa kutoka kwenye madampo ya taka na kusafishwa ili iendeshe malori. Taka zilizovunda zenyewe ziliwashinda wakemia.

Sisi tulikuwa tumeshaanza na gesi. Pale Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa katika muongo wa kwanza wa karne hii mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, CFC, ukianza na jenereta ya kilowati 150. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuvundisha nyama ya mkonge pamoja na mabaki ya samaki, na wakaona kwamba mchanganyiko huo hutoa gesi nyingi kuliko kila kimoja peke yake, kwa kuwa samaki huleta naitrojeni ambayo mkonge hauna ya kutosha. Nikipita soko la Deep Sea nikaona matumbo ya samaki yanavyotupwa, huwa nawakumbuka, ingawa ni kweli kwamba mji mzima wa Tanga hauna matumbo ya kutosha hata korona moja. Samadi ya ng'ombe ingefaa zaidi, na ng'ombe wa maziwa wapo.

Tufanye basi hesabu ya gesi kwa tahadhari ileile. Tuseme tani moja ya tope inatoa mita za ujazo 20 za methani, ile gesi inayowaka, kiwango ambacho si cha kujitapa. Mita moja ya ujazo ya methani ina nishati karibu sawa na lita moja ya dizeli. Tani 24 zinazoambatana na tani moja ya singa zitatoa mita 480, yaani nishati ya lita 480 za dizeli. Zikipita kwenye jenereta, ambayo hugeuza kama theluthi moja tu kuwa umeme, tunapata takriban uniti 1,600. Hakuna lori, hakuna vimeng'enya vya kuagiza, hakuna kuchemsha maji ili kutenga pombe, kwa sababu gesi hujitenga yenyewe na maji na kupanda juu. Kiasi cha nishati ghafi hakipishani sana na kile cha ethanoli. Tofauti ni kwamba ethanoli inadai sehemu kubwa ya nishati hiyo irudishwe kama gharama ya kuitengeneza.

Sasa tabianchi, ambako ndiko nadhani mazungumzo yetu yamepotoka zaidi. Watu wanazungumza kana kwamba faida yote iko katika dizeli au petroli isiyochomwa. Tope la mkonge likilundikwa shimoni au kuachwa kwenye bwawa lisilo na hewa, huvunda na kutoa methani ileile, ila inakwenda angani moja kwa moja. Kilo moja ya methani hupasha joto dunia kama kilo 28 hivi za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, na kwa kipimo cha miaka 20 ni zaidi ya kilo 80. Mita zetu 480 zina uzito wa kama kilo 330. Zikiachwa zipae zote, ni sawa na zaidi ya tani 9 za hewa ukaa kwa kila tani moja ya singa. Dizeli yenye nishati hiyohiyo, tukiichoma yote, hutoa tani 1.3 tu. Kwa hiyo mwenye korona anayeziba shimo lake na kuichoma gesi, hata kama hataki umeme wake, anaifaa dunia mara nyingi kuliko anayejisifu kwa dizeli aliyookoa. Si kila tope huvunda kikamilifu, na hesabu halisi ya kila shimo itakuwa ndogo kuliko hiyo. Lakini uwiano ule hauwezi kupuuzwa.

Hesabu hiyohiyo inakata pande zote mbili. Kwanza, kama tope lilikuwa halilundikwi, faida hiyo haipo. Yapo mashamba yanayolirudisha tope likiwa limetandazwa kwa utando mwembamba katikati ya mistari ya mkonge, ambako hewa inapita na methani haitengenezwi kwa kiasi cha kutisha. Wapo pia wafugaji wanaokuja na mikokoteni kulichukua kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi, majani yanapokauka. Anayewaambia wawekezaji kwamba mabaki yote ya Tanga ni taka isiyo na kazi hajamuuliza mfugaji wa Muheza. Kiwanda kikishaanza kulipia, bei itapanda, mfugaji atakosa, ataongeza eneo la malisho mahali pengine, na uoto utakaofyekwa huko hautaonekana kwenye kitabu cha mradi.

Pili, pale ambapo tope lilikuwa halilundikwi, mtambo wa gesi unaovuja sana ni hatari kuliko kutokuwa na mtambo. Kilo moja ya methani ikichomwa badala ya dizeli huokoa kama kilo 3.7 za hewa ukaa. Kilo hiyo ikivuja ni sawa na kilo 28. Gesi ikivuja kwa asilimia 13 hivi, faida yote ya kubadili dizeli imefutika, na kwa kipimo cha miaka 20 asilimia 5 tu inatosha kuifuta. Kila aliyewahi kuona mtambo wa namna hii uliochoka anajua uvujaji ulivyo rahisi: turubai la tangi lenye ufa, bomba lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, jenereta mbovu inayosubiri vipuri huku gesi ikiachiwa hewani kwa sababu hakuna kichomeo cha akiba. Gesi hii huja pia na salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo isipochujwa hugeuka tindikali na kula injini. Kichujio cha vyuma vilivyopata kutu si ghali, lakini lazima kibadilishwe, na kubadilisha kitu kwa wakati wake ndiko kunakoshinda miradi mingi kuliko teknolojia yenyewe. Halafu vijidudu vinavyotengeneza gesi vinahitaji kulishwa kila siku. Korona ikisimama wiki mbili kwa kukosa majani, maji au mota, vinadhoofika kwa njaa, na ikirudi na kuvijaza tope chachu kwa mkupuo, tangi linakuwa tindikali na gesi inakata. Gharama ya kumlipa fundi anayelijua tangi lake ihesabiwe tangu mwanzo, na isichukuliwe kama nyongeza.

Ardhi nayo ina dai lake. Mkonge unakaa shambani miaka mingi na hula sana chokaa na potasiamu. Tukichukua majani yote na kuyapeleka mjini kuwa mafuta, rutuba imekwenda nayo, na mbolea ya viwandani itakayofidia, hasa ile ya naitrojeni, hutengenezwa kwa gesi asilia na kutoa gesijoto zake. Mwaka 2014 Adam Liska na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska walikadiria kwamba kuondoa mabua ya mahindi shambani kwa ajili ya ethanoli kunaweza, katika miaka ya mwanzo, kuongeza hewa ukaa kwa asilimia 7 kuliko kutumia petroli, kwa sababu ya kaboni inayopotea kwenye udongo. Walipingwa vikali na wenzao waliosema kiasi cha mabua walichodhani kinaondolewa ni kikubwa mno, na pengine wapinzani walikuwa na haki kwa mahindi ya Iowa. Kwa udongo mwekundu wa huku kwetu uliolimwa mkonge tangu enzi za Wajerumani, ningependa kuona vipimo kabla ya kuwa na imani. Uzuri wa gesi ni kwamba inachukua hasa kaboni na hidrojeni. Potasiamu, chokaa na naitrojeni hubaki kwenye tope lililovundishwa, ambalo linaweza kurudi shambani likiwa halinuki tena.

Swali la mwisho la gharama ni nani atakayenunua nishati hiyo. Kuuza umeme kwenye gridi hakuna mvuto kama zamani, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na pale Hale na Pangani tuna maporomoko yanayozalisha umeme kwa maji miaka nenda rudi. Uniti ya gesi ya mkonge inayosukuma nje uniti ya maji haijaiokoa tabianchi hata kidogo. Lakini uniti inayoendesha korona yenyewe na pampu zake, mahali ambapo umeme ukikatika jenereta ya dizeli huwashwa, hiyo ina thamani kamili. Thamani kubwa zaidi huenda iko jikoni. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na makambi ya vibarua wa mkonge, ambako kila jiko linategemea kuni au mkaa, yako mita mia chache kutoka kwenye tope. Bomba la gesi kutoka tangini hadi kwenye majiko ya kambi ni jambo la mafundi wa kawaida. Sijui kwa nini tunaota kuhusu magari kabla ya kumaliza sufuria.

Wenzetu wa Bagamoyo wana la kutuambia katika hili. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Sekab kutoka Uswidi ilikuja na mpango mkubwa wa miwa ya ethanoli kwa ajili ya magari. Maeneo yakatengwa, matumaini yakapandishwa, na mwaka 2009 kampuni ikajiondoa bila kuzalisha ethanoli humo. Ile ilikuwa miwa ya kupandwa na siyo mabaki, najua, na hoja ya ardhi na chakula haiingii moja kwa moja kwenye mkonge. Lakini tabia ya kuanza na soko la Ulaya na kumalizia na hesabu za shambani ni ileile.

Ombi langu kwa Bodi ya Mkonge, NEMC inayosimamia mazingira na EWURA inayodhibiti nishati na maji, kila mmoja kwa mamlaka yake, ni kwamba kabla mradi wowote wa mafuta ya mabaki haujapewa nafuu ya kodi au kuruhusiwa kuuza hati za hewa ukaa, mwekezaji atakiwe kuweka hadharani mambo haya: tope la korona husika linakwenda wapi leo na kwa kiasi gani, joto la kiwanda litatoka kwenye nini, methani inayovuja itapimwa na nani na mara ngapi kwa mwaka, na tope lililovundishwa litarudi kwenye shamba lipi. Vipimo vya uvujaji vifanywe na mtu asiyelipwa na mradi, na vitangazwe hapa Tanga kwa Kiswahili, kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata ambako wakulima wadogo wa mkonge wanaweza kuvisoma. Wakati hayo yakisubiriwa, mashimo ya tope yaliyopo yanaweza kuanza kuzibwa sasa, korona moja baada ya nyingine, kwa kuanza na zile zilizo karibu na mito.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga